Tulipokwenda Kilema Kumtoa Mtoto Woga

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili isije ikaonekana nimelificha. Naogopa mbwa, radi, ngazi za ghorofa, simu inayoita kabla ya alfajiri na lori lililojazwa kuni kupita kiasi. Mlango wa nyumba siufungi mara moja. Naufunga, nakwenda kulala, nainuka kuhakikisha kwamba niliufunga kweli. Mume wangu alishayazoea haya yote. Kilichomshinda ni siku aliyomwona binti yetu, mwenye miaka saba wakati huo, akinyata kwenda kuuhakikisha mlango baada ya mimi kuuhakikisha.

"Umemwambukiza," akaniambia asubuhi yake. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja mafua, na ndiyo maana iliniuma.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, ana karakana yake hapa Moshi mjini, lakini amekulia Mabogini kwenye majaruba ya mpunga, ambako kwa maelezo yake watoto hulelewa na jua na matope na hakuna anayeuliza mtu amekwenda wapi. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa mjini. Upande wa mama ni watu wa Pangani, upande wa baba ni Wapare waliochanganya na Wanyamwezi, na sote tulilelewa ndani ya ua wenye geti. Binti yetu tulimpata baada ya mimba mbili kuharibika, na baada yake tuliambiwa tusitarajie mwingine. Kwa hiyo ukiniuliza naogopa nini hasa, jibu langu ni fupi: naogopa kumpoteza huyu mmoja. Mbwa na radi ni nyongeza tu.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, mume wangu akatangaza kwamba mtoto anapelekwa mahali akatolewe woga. Mahali penyewe nilipapata mimi, kwa mkono wangu, na hilo sijalisahau. Mwaka uliotangulia nilimshonea mama mmoja mjane wa Kilema, kule mlimani juu ya mji, sare za kwaya ya parokia yao, nguo thelathini na kitu, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Mama huyo ana nyumba ya wageni katikati ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, migomba juu na kahawa chini. Wageni wake wengi ni Wazungu wanaotaka kupumzika baada ya kushuka mlimani. Aliniambia nikipata nafasi nipande na familia yangu. Nikampigia, akasema kuna chumba kiko wazi wiki nzima, njooni.

Majirani walicheka mpaka basi. Mjini kwetu ukisema unakwenda gesti na mumeo, watu wanakuuliza kama nyumba yenu imebomoka. Nikawaeleza kwamba si gesti hiyo wanayoifikiria, ni nyumba ya wageni, shambani, kuna ng'ombe. Hapo ndipo walipocheka zaidi.

Tulipanda na pikapu ya rafiki wa mume wangu. Barabara ya lami ilipoisha, ikaja nyekundu, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Nilimkalisha mtoto upande wa ukuta. Kadiri tulivyopanda, ukungu ulishuka kutulaki, migomba ikawa vivuli, na nikaanza kusoma kimoyomoyo kila dua niliyofundishwa madrasa, hata ile ya kuingia sokoni.

Mama mwenye nyumba alitupokea barazani amevaa gambuti na kanga mbili, mrefu, sauti ya chini. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo bibi," kutokea nyuma ya gauni langu, naye akaitikia marahaba huku akijifanya hamwoni, akitazama huku na huku kumtafuta mwenye sauti. Nikampenda palepale. Tena kabla sijajua nitauliza vipi habari za chakula, alimletea mume wangu jogoo na kisu, akasema yeye na watu wake watakula tutakachochinja sisi, wiki nzima. Kisusio, ile supu yao ya damu, haitapikwa mpaka tuondoke. Nilikuwa nimeipangia hotuba hiyo supu tangu Moshi, ikaniishia mdomoni.

Lakini woga wangu haukosi kazi. Nyuma ya migomba kulikuwa na korongo ambalo ukitupa jiwe husikii lilipofikia. Kulikuwa na mbwa aliyefungwa mnyororo mchana na kufunguliwa jioni. Kulikuwa na ukimya. Mjini nikilala nasikia pikipiki, redio ya jirani, adhana, bomba linalovuja. Pale niliisikia damu yangu mwenyewe masikioni. Na asubuhi ya kwanza nilipofungua dirisha, mlima ulikuwa umesimama pale, mkubwa na karibu mno, na theluji yake, hata nikarudi nyuma hatua moja. Mlima huo nimeuona maisha yangu yote kutokea mjini. Sikuwahi kudhani unaweza kumsogelea mtu.

Mume wangu alianza kazi yake siku hiyohiyo. Sitaki aonekane mkatili. Hakuwahi kumpandishia mtoto sauti. Alimpeleka kwa mbwa, akamwonyesha namna ya kumnyooshea mkono uliokunjwa. Siku ya pili alimvusha daraja la gogo lililoko juu ya kijito, yeye mbele akienda kinyumenyume, mtoto akimfuata huku amekodoa macho, na mimi ukingoni nikiuma ncha ya ushungi. Alipofika ng'ambo, baba yake alimbeba juujuu. Mtoto alicheka, lakini alicheka akinitazama mimi, kama anayeuliza kama inaruhusiwa kucheka. Mume wangu aliliona hilo pia.

"Unamtazama kana kwamba anakufa," akaniambia tulipobaki wawili. "Mtoto anasoma usoni kwako."

Nikaahidi kwamba kuanzia hapo nitautuliza uso wangu. Niliahidi kwa dhati. Ahadi hiyo ndiyo iliyokaribia kutugharimu.

Nyuma ya jikoni palipita mfongo. Ndivyo wanavyoiita mifereji yao ya maji, iliyochimbwa na mababu kutoka mtoni kule juu, ikizunguka ubavu wa mlima na kupita kihamba hadi kihamba. Ule wa nyuma ya nyumba ulikuwa mkavu. Upana wake hatua moja ya mtu mzima, chini kuna majani makavu na vikokoto. Ulipanda kutoka bustanini, ukakata kona mbili kwenye udongo mwekundu, mahali pengine kingo zikifika kifuani kwangu, kisha ukapita chini ya barabara ya kijiji kwa kalavati, ukaendelea juu kusikoonekana. Tangu tufike mtoto alikuwa akiutumia kama njia yake ya kwenda kutazama kuku wa jirani. Mimi mwenyewe nilimpitisha humo mara mbili. Niliona afadhali humo kuliko kando ya korongo.

Siku ya tatu, wakati wa chai ya alasiri, mama mwenye nyumba alisema kwamba kesho ni zamu yao ya maji. Kule juu kuna nduwa, bwawa dogo la udongo. Maji ya mtoni hujaa humo usiku kucha, na asubuhi mzee wa mfongo huifungua, yakashuka kwa yule mwenye zamu. Alikuwa akimimina chai huku akieleza. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya kumimina chai, "Kesho asubuhi msiende mfongoni."

Mume wangu akamwambia asiwe na shaka, hawataharibu kingo hata kidogo, yeye mfereji anaujua kuliko baiskeli. Hapo mnunuzi wa maziwa akaita kutoka barabarani, mama akainuka na ndoo yake, maneno yakakatikia hapo.

Ni lazima nieleze alichokielewa mume wangu, kwa sababu si mjinga. Mabogini watoto hufukuzwa mferejini kila siku ya Mungu, na sababu huwa moja: wanabomoa kingo, maji yanapotelea kwa jirani, ugomvi unaanza. Mtoto mwenye adabu, asiyebomoa, huachwa. Na maji ya Mabogini, nimeyaona kwa macho yangu nikiwa ukweni, hayaji, yanatambaa. Lango likifunguliwa, mbele hutangulia povu na nyasi kavu na panzi wanaoruka, na kuku husogea kuyanywa yakiwa bado yanasafiri. Mume wangu na ndugu zake walikuwa wakiyafuata mpaka langoni kuyalaki, kisha wanarudi nayo wakiyatangulia kinyumenyume, wakiyaimbia, na hakuna aliyewahi kulowa juu ya kifundo cha mguu. Jioni ile alimsimulia mtoto habari hizo kwa raha ambayo sikuwa nimeiona kwake muda mrefu. Akamwambia, kesho utakwenda kuyalaki maji peke yako. Baba atakusubiri bustanini na simu, akupige video unavyokuja nayo.

Mtoto akanigeukia. Nami nikautuliza uso wangu, kama nilivyoahidi. Tena si kwa kujikaza. Nilitafuta woga wangu wa kawaida nikaukosa. Mfereji mkavu, upana hatua moja, maji ya kunywesha kuku: katika Kilema nzima hicho ndicho kitu pekee ambacho sikukiogopa. Nikamwambia mwanangu, "Nenda tu, mama, itapendeza."

Asubuhi ilikuwa baridi, ukungu umekaa juu ya migomba. Nilimvalisha sweta lake jekundu juu ya jingine jeupe, baba yake akacheka kwamba mtoto anakwenda mfongoni, haendi kileleni. Wakatoka wameshikana mikono. Niliwaona mpaka bustanini, baba akimwonyesha kwa kidole: kona ya kwanza, kona ya pili, kalavati, upite chini ya barabara, uende mpaka uyaone. Mtoto akaingia mfongoni, akatembea, akageuka mara moja kupunga mkono. Nikapunga. Nikarudi jikoni kumsaidia mama kumenya ndizi za mtori.

Tulimenya kama ndizi kumi. Mama alinisimulia habari za kwaya, kwamba waimbaji wawili wamenenepa na sare zinataka kufumuliwa. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Mjukuu yuko wapi?"

Nikamwambia amekwenda na baba yake kuyalaki maji.

Kisu chake kikasimama. "Kuyalaki wapi?"

"Mfongoni. Yakija atayatangulia mpaka bustanini."

"Ndani ya mfongo?"

"Ndani."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, wala kabla wala baada. "Mwanangu," akasema polepole, "maji ya nduwa mtu hayatangulii."

Kisha akainuka, ndizi zikamwagika kutoka mapajani mwake, akatoka nje, akaweka mkono kando ya mdomo na kupiga yowe. Halikuwa neno la Kiswahili wala, nadhani, la Kichagga. Ni sauti moja ndefu iliyopanda na kukatika, ikapanda na kukatika. Nilisimama mlangoni. Na kabla hajamaliza mara ya pili, nikasikia kutoka juu, nyuma ya migomba, mwanamke mwingine akiipokea. Na juu zaidi mwingine. Na juu zaidi tena, hafifu, mwingine ambaye hatumwoni na hajui kuna nini, ila anajua kwamba ikifika kwake aipandishe. Yowe lilikuwa likiupanda mlima mbio kuelekea nduwa, na mimi nilikuwa bado nimeshika ganda la ndizi.

Nikakimbia. Sikukimbilia bustanini kwa mume wangu, nilikimbia kando ya mfongo kwenda juu, nikimwita mtoto. Kandambili zilinitoka, sikurudi kuzichukua. Kona ya kwanza, hakuna mtu, mfongo mkavu. Nikasema, Mola, bado mkavu, bado. Kati ya kona ya kwanza na ya pili nikasikia kitu ambacho nilidhani ni gari linapita barabarani. Halikuwa gari.

Yalikuja kutoka kona ya pili yakiwa yamejaa mfongo mzima, rangi ya udongo, mbele yake yakisukuma majani, vijiti, jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu na kipande cha mgomba. Hayakutambaa. Yalipita pembeni yangu kwa kasi hata upepo wake ukanipuliza gauni. Nikayatazama yakienda chini, nikageuza uso juu, na hapo nikaliona sweta jekundu. Lilikuwa linakuja katikati ya maji, linajigeuza, mkono mmoja wa sweta umeinuka.

Sijui niliruka vipi, mimi ambaye kwenye ngazi hushuka kwa kushika ukuta. Maji yalinipiga kiunoni yakaniangusha, nikaburutwa, goti langu likakutana na jiwe, lakini mkono wangu ulilipata sweta na nikalivuta kifuani. Lilikuwa tupu. Nilipapasa ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko. Tupu. Basi nikajua kwamba yeye bado yuko huko juu, ndani ya kalavati, na sweta ndilo lililotangulia.

Mume wangu alinikuta nikijaribu kupanda dhidi ya mkondo. Baadaye alinieleza yaliyomkuta bustanini. Alikuwa ameshika simu, anapiga video, anasema, "Anakuja, anakuja." Yalipokuja maji bila mtoto, aliendelea kushika simu sekunde kadhaa, kwa sababu akili yake ilimwambia mtoto yuko nyuma ya maji. Hizo sekunde amekuwa akinitajia mara kwa mara. Siku ile alikuja mbio. Alinitoa kwenye maji kwa nguvu, akaniweka ukingoni, akaingia yeye.

Watu walishafika, wanaume na majembe, wanawake na kanga zao za jikoni. Hakuna aliyeuliza maswali wala kulaumu. Wawili walikwenda upande wa juu wa kalavati na wawili upande wa chini, mmoja akalala kifudifudi barabarani akiingiza mkono mpaka begani. Kisha maji yakaanza kupungua. Yowe lilikuwa limemfikia mzee wa mfongo, akaiziba nduwa kwa magogo ya migomba na udongo. Yakashuka kutoka kiunoni hadi magotini, hadi vifundoni, hadi matope. Mume wangu aliingia kwenye kalavati kwa kutambaa. Tulimsikia akiita humo ndani, sauti yake ikitoka pande zote mbili. Alitokea upande wa pili mikono mitupu, akakaa kwenye matope. Nilimwona mume wangu akilia kwa mara ya kwanza, na sikumwonea huruma hata chembe.

Wakaanza kufuata mfongo kwenda chini, kutafuta aliyepelekwa. Mimi sikwenda nao. Si kwamba nilikuwa na matumaini. Miguu yangu ilikataa kwenda kuona. Nilisimama barabarani nimekumbatia sweta lililolowa, na nilipolishika vizuri nikaona limechanika begani, uzi umevutika mrefu, kama lililonaswa na kitu na kuvuliwa kwa nguvu. Nikatazama kingo za mfongo kabla ya kalavati. Kulikuwa na mizizi imejitokeza, na juu ya mizizi alama za vidole kwenye udongo mbichi, ndogo. Mtu alikuwa amepanda hapo. Amepanda upande wa chini wa barabara, kabla ya kuingia kwenye lile shimo.

Sikumwita mtu. Nilijiuliza swali moja: ningekuwa mimi, ningekimbilia wapi? Mwoga hakimbilii uwazini. Anatafuta penye mlango, na ukuta mgongoni. Nikatazama, na mahali pa karibu penye mlango palikuwa kibanda cha mabati katikati ya mibuni, ambamo jirani huweka mashine ya kumenya kahawa.

Alikuwa nyuma ya mashine, amekunja magoti, na sweta jeupe, mzima. Alikuwa amesikia kila kitu: mayowe, jina lake likiitwa, baba yake akilia, na kila sauti ilimfanya ajikunje zaidi. Nilipomshika alikuwa anatetemeka kama mwenye homa. Nilimpapasa kichwa, mikono, miguu, nikaanza upya. 

Yeye ndiye aliyeanza kusema. "Mama, mle shimoni mlikuwa na giza. Sikuweza." Kisha akanishika ushungi kwa mikono yote miwili. "Usimwambie baba kwamba niliogopa."

Nikamwambia sitamwambia. Saa ile ningemwahidi chochote.

Nilimtoa nje, nikapaza sauti, watu wakarudi wakikimbia. Mama mwenye nyumba alipiga magoti barabarani na gambuti zake, akafanya ishara ya msalaba, akasema aika, aika, shukrani yao, sijui mara ngapi. Mume wangu alimkumbatia mtoto kwa namna ambayo ilibidi nimwambie amlegeze apumue. Kisha akamuuliza, "Uliyaona maji, ukaruka?" Mtoto akanitazama. Kisha akatikisa kichwa kukubali. "Uliruka mwenyewe?" Akatikisa tena.

Na mimi nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwache apate hicho kidogo, amepatwa na mengi.

Hatukukaa kumaliza wiki. Mama mwenye nyumba alitusindikiza na ndizi na maziwa, akamwomba mume wangu msamaha kwa kutoeleza vizuri, mume wangu akamwomba yeye msamaha kwa kutouliza, wakaombana mpaka injini ya pikapu ikawashwa.  Njiani nilimkalisha mtoto mapajani, ingawa miguu yake ilifika chini.

Mjini habari ilianza kukua. Mume wangu aliisimulia karakanani, msikitini, kwa mama yake Mabogini. Nadhani alihitaji kuisimulia hivyo ili aweze kulala. Mtoto aliyaona maji yanakuja, marefu kuliko yeye, akavua sweta, akaruka. Kila aliyesikia alimpa mtoto mkono. Bibi yake alimtumia kitenge. Naye mwenyewe, ambaye mwanzoni alikuwa akiinamisha kichwa, baada ya wiki mbili alikuwa akiisimulia kwa watoto wenzake na kuongeza vitu: kwamba yalikuwa na nyoka, kwamba aliyaruka na kuyaruka tena. Nilimsikia kupitia dirishani, nikatabasamu. Nilimwona amenyooka mgongo. Nikafikiri huenda mume wangu alikuwa sahihi, huenda woga umemtoka.

Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro wa maji ya mvua, nao unapita chini ya barabara kwa bomba la zege. Siku moja mpira wa watoto ukaingia humo. Nilikuwa kwenye cherehani, nawasikia wakibishana nani ataingia kuutoa. Kisha nikasikia sauti ya mwanangu: "Mimi. Mimi siogopi, niliyaruka maji ya Kilema."

Nilipotoka alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa bomba, kichwa kimeshaingia. Nilikuwa nyuma yake, nikaiona miguu yake. Ilikuwa inatetemeka vilevile kama kwenye kile kibanda. Woga ulikuwapo wote, haujapungua hata punje, ila sasa alikuwa na jina la kulinda, na kwa ajili ya jina hilo alikuwa anaingia. Nilimvuta kwa gauni. Akanigombeza mbele ya wenzake. Palepale, jua la saa sita likiniwakia kichwani, nilielewa kwamba Kilema aliokoka kwa kitu kimoja tu, kuusikiliza woga wake, na hicho ndicho tulichokuwa tunamnyang'anya kwa sifa na kitenge.

Mchana huohuo baba yake alikuja kula. Tulikuwa watatu kwenye mkeka, ugali katikati. Nilisubiri amalize tonge lake.

"Hakuyaruka maji," nikasema. "Hata hakuyaona. Alifika kwenye kalavati, akaogopa giza, akapanda juu na kwenda kujificha. Ndiyo maana yuko hapa anakula."

Mtoto akaniangalia macho yamejaa machozi. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi," nikasema. "Nimevunja."

Mume wangu alimgeukia, akamuuliza kama ni kweli, mtoto akakubali kwa kichwa. "Ungeniambia," akasema baba.

"Ungekasirika."

 Mume wangu alinawa mikono kabla ya kushiba, akaenda uani, akakaa huko mpaka saa ya kurudi karakanani ikapita. Tangu siku hiyo sijamsikia akiisimulia ile habari kwa mtu yeyote.

Binti yangu alininunia siku nne. Salamu zangu alizijibu kwa kutazama sakafu, chakula alichukua bila kushukuru, na kila alipolazimika kupita chumba cha kushonea alikokota miguu makusudi, ili nijue kwamba anapita na kwamba hasemi na mimi. Sikumbembeleza, wala sikuinua kichwa. Niliendelea kushona, nikiisikiliza ile miguu ikienda na kurudi nyuma ya kiti changu.